Bibi Harusi Hajaulizwa

Shabani,

Salamu utazipata kwa mama yako, yeye ndiye anazo. Mimi nina hasira, na nimeona heri uondoke nayo kwenye karatasi kuliko tuagane kwa kununiana mbele ya dereva wa bodaboda. Kesho asubuhi utafunga begi lako, utatoka hapa Nkowe hadi Ruangwa mjini, utapanda gari la Nachingwea, na jioni utakuwa Kiegei kwenye nyumba ya imamu uliyopewa. Saa hizo mimi nitakuwa shambani. Usinitafute unipe mkono.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutokula kila nyumba inayokukaribisha, mama yako ameyasema tangu juzi, na wewe umeitika "ndiyo mama" bila kusikia hata moja. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka habari ya Zainabu.

Najua hapo umekunja uso. Unasema moyoni, baba naye, jambo hilo bado tu? Ndiyo, bado. Na kwa kuwa wewe una kipaji cha kusahau unachotaka kusahau, nitaanza na ile simu, usije ukadai baadaye kwamba mzee masikio yamekufa.

Ilikuwa Jumapili. Wewe ulikuwa unaoga, simu yako iko mkekani, ikaita mara tatu ikanyamaza. Ya nne nikaipokea mimi. Sauti ya msichana, ya chini, kama anayezungumzia ndani ya khanga.

"Shikamoo shekhe."

"Marahaba."

Nilitaka kumwambia kwamba shekhe anayemtafuta yuko bafuni, lakini hakunipa nafasi.

"Mimi ndiye Zainabu wa huku Kiegei, mpwa wake Mzee Ausi. Shekhe, Ijumaa usije. Mimi yule mtu simtaki. Nimemwambia mjomba, kanichapa. Wewe sema tu unaumwa, mimi nitajua cha kufanya. Usimwambie mjomba kama nimepiga."

Ikakatika. Kama alikata mwenyewe au alikatishwa, sijui mpaka leo.

Ulipotoka nilikueleza neno kwa neno, sikupunguza wala sikutia chumvi. Ulikuwa unajifuta masikio kwa taulo. Ukasema, "Ah, baba, ndio walivyo hao. Aibu za wasichana. Mjomba wake kashamaliza kila kitu, mambo freshi." Nikakuuliza kama siku ishirini na moja za tangazo zimetimia. Ukacheka, Shabani. Ukaniambia kwamba karatasi ya kusudio la ndoa uliletewa Jumatano iliyopita tu, ukaiandika tarehe ya mwezi uliopita, na tangazo lenyewe umelikunja liko ndani ya kitabu chako cha hotuba, halijabandikwa hata kwenye mti. Mzee Ausi ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, ndiye aliyekupigania upewe nafasi hiyo na nyumba hiyo, na bwana harusi ana haraka ya kurudi kazini kwake. Uliyasema hayo yote huku unatafuta chanuo.

Halafu usiku wake, wakati wa chakula, nilipolirudia jambo hilo, ukaniambia mbele ya mama yako: "Mbona wewe baba ulimfungisha dada Somoe bila tangazo, na msikiti haukuanguka?"

Mama yako aliacha kula. Akaosha mkono, akaondoka. Wewe ukaendelea na mboga ya kisamvu, ukidhani umenishinda. Mimi nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umesema kweli nusu, na nusu iliyobaki huijui. Umelelewa ukiambiwa kwamba dada yako alitoroka kwa mumewe kwa utukutu. Aliyekuambia hivyo ni mimi, na ni uongo. Sasa kaa chini usome, na kama umesimama na begi begani, liweke chini.

Mwaka mambo haya yalipoanza wewe ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa nimeshafungisha ndoa miaka mingi kama walivyofungisha wazee wangu, kwa hotuba, mashahidi na dua, bila kitabu cha serikali wala leseni. Kisha wilayani wakatuita, maimamu na wachungaji wote, tukakalishwa kwenye ukumbi mmoja tukapewa soda. Aliyetufundisha alikuwa ofisa mwanamke, mtu wa mikoa ya huko juu, hata "h" na "kh" za kwetu alikuwa hazitofautishi. Nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Akatuambia: asiye na leseni asifungishe. Kusudio litolewe siku ishirini na moja kabla, litangazwe mahali watu wanapoona. Atakayekuwa na pingamizi asikilizwe kwanza. Mashahidi wasipungue wawili na wawe watu wazima. Na kabla ya yote, huyu akubali kwa hiari yake na huyu akubali kwa hiari yake, kila mmoja kwa kinywa chake, na kila mmoja atie sahihi yake.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia vitabu vyetu vinasema kimya cha mwari ni ridhaa. Wenzangu wakaguna kuniunga mkono. Yule mama hakukasirika. Akasema, "Shekhe, sibishani na vitabu vyako. Lakini huyo anayenyamaza, akisema hapana, ataondoka salama chumbani? Kama ataondoka salama, basi kimya chake kichukue."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa ili asikie. Nikapewa leseni, nikapewa kitabu cha shahada za ndoa chenye nakala zake, nikarudi Nkowe nikijiona nimekuwa serikali. Zile kanuni nilizikariri vizuri kabisa. Hata leo ukiniamsha nitazitaja. Kuzikariri hakukuwa taabu.

Haukupita mwaka, mjomba wako Bakari akaja. Jumanne, naikumbuka. Alikuja na baiskeli, akakaa kwenye kiti changu, kama kawaida yake, maana kwetu sisi watoto ni wa ujombani, na baba ni mgeni aliyekaribishwa akakaa sana. Akasema, "Shemeji, Somoe ameposwa na mtoto wa rafiki yangu wa Nanganga. Nimeshatoa neno. Wale wari wadogo wanatoka unyagoni Jumamosi, watu watakuwa wamekusanyika, ngoma ipo, chakula kipo. Jumapili tuunganishe na harusi tumalize."

Nikamwambia, kwa udhaifu, kwamba sasa kuna siku ishirini na moja.

"Siku ishirini na moja za kuangua vifaranga?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mbumba ni yangu. Dada zangu na watoto wao nawajibu mimi. Wewe kazi yako kusoma hotuba."

Kusoma hotuba. Maneno hayo yaliniuma, na badala ya kumkatalia nikataka kumwonyesha kwamba hotuba yangu ni nzuri. Huo ndio ujinga wangu, sikufichi. Nilikuwa baba mwenye haki zote za walii wa kumwoza binti, nilikuwa mfungishaji mwenye leseni mfukoni, na nilimwogopa shemeji mwenye baiskeli. Yeye angalau alikuwa anaamini anachokifanya. Mimi nilikuwa najua.

Somoe alikuwa na miaka ishirini. Alishaanza kujifunza kushona kwa fundi mmoja pale Ruangwa, alikuwa anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Jumatano hakwenda tena. Alhamisi alinifuata nikiwa natawadha, akasimama. Nikajua anataka kusema. Nikatawadha polepole, nikarudia mikono, nikarudia miguu, nikainuka nikaenda zangu msikitini kana kwamba sikumwona. Sala ile sijui kama ilipokelewa.

Jumapili watu walijaa. Wewe ulikuwepo, ulikula pilau mpaka ukaumwa tumbo, usiku tukakupa maji ya chumvi. Wakati wa kuchukua ridhaa nikawatuma mashahidi wawili waende chumbani. Walikaa huko. Wakarudi wakanong'ona kwamba bibi harusi analia tu. Nikaingia mwenyewe. Chumba kimejaa wanawake, joto, udi. Dada yako ameketi katikati, amefunikwa. Nikamuuliza kama anaridhia nimwozeshe kwa fulani bin fulani. Kimya. Nikauliza mara ya pili. Akasema, "Baba." Neno hilo tu. Kungwi wake akamfinya bega, mimi nikaona, akaniambia, "Amekubali huyo, shekhe, wari wote hulia. Angecheka ndio ungeogopa." Wanawake wakapiga vigelegele.

Nikasogeza kitabu atie sahihi. Hakuinua mkono. Kungwi akasema hina haijakauka, ataharibu karatasi ya serikali. Nami, Shabani, nikaichukua kalamu nikaandika jina la Somoe mahali pa sahihi yake. Mwanamke mmoja alinishikia kitabu kisiyumbe.

Hina ilikuwa imekauka. Ilikuwa ya jana yake.

Kisha nikatoka nje nikasoma hotuba, na wote walisema haijawahi kusomwa hotuba kama ile hapa Nkowe. Bakari mwenyewe alinishika mkono.

Kama ingeishia hapo, ningeweza leo kukuambia kwamba nilikosea kwa mila, kwa haraka, kwa kelele za ngoma. Watu wangenihurumia. Lakini haikuishia hapo, na ndiyo sababu sitaki huruma yako.

Miezi minne baadaye Somoe alikuja na bodaboda kutoka Nanganga, mchana wa jua kali. Alikuwa amekonda. Mkono wa kushoto alikuwa anaushikilia kwa wa kulia, na mama yako alipotaka kuutazama akaukwepesha. Hakunililia. Aliniambia ameshitaki kwenye baraza la usuluhishi, na kwamba hataki talaka, anataka waandike kuwa ndoa haikuwepo, maana yeye hakukubali. Akasema, "Baba, wewe ulikuwa chumbani. Mimi nataka uje useme tu ulichokisikia. Sikuombi kingine."

Nikamwambia nitakuja.

Usiku huo Bakari akaja, na wazee wawili wa msikiti wakaja. Hawakunitisha, usidhani. Walinieleza kwa upole kabisa: ukisema bibi harusi hakuridhia, leseni itachukuliwa, utashitakiwa kwa sahihi, na ndoa zote ulizofungisha watu watazitilia shaka, nyumba ngapi zitavunjika? Nikajiambia nazilinda nyumba za watu. Mtu akitaka kujificha hakosi kichaka.

Barazani niliulizwa, "Shekhe, bibi harusi aliridhia?" Nikasema, "Aliridhia." Wakaniuliza, "Sahihi hii ni yake?" Nikasema, "Ni yake." Somoe alikuwa amekaa mbele yangu, karibu kama mlango ulivyo karibu na mkeka wetu. Aliomba aone kitabu. Akakitazama, akawaambia wajumbe kwa sauti ya kawaida tu, "Huu ni mwandiko wa baba." Hakuna aliyeandika maneno hayo. Mimi nilikuwa shekhe, yeye alikuwa mwanamke anayemkimbia mume.

Akainuka akaenda zake. Hakurudi Nanganga, hakurudi Nkowe. Yuko Masasi, anashona sare za shule, hilo unalijua kwa sababu wewe anakupigia, ingawa haya hakukueleza. Mimi hanipigii. Nimempigia mara nyingi. Anapokea, anasikia sauti yangu, anakata bila kutukana. Afadhali angetukana. Nimemkosa mwanangu akiwa hai, na kila Idi nakaa pale kwenye kiti changu nikijifanya sisikii mama yako anavyozungumza naye uani.

Hiyo ndiyo ndoa uliyonitolea mfano ukiwa na kisamvu mdomoni.

Najua utasema hukujua. Kweli, hukujua ya Somoe. Lakini ya Zainabu unayajua, na hapo ndipo unaponishinda kwa ubaya. Mimi niliambiwa "Baba" tu nikajifanya sielewi. Wewe umeambiwa simtaki, usije, kanichapa, kwa Kiswahili ambacho hata mama mkwe wangu marehemu aliyejua Kimwera peke yake angekielewa. Na bado umepiga pasi kanzu ya Ijumaa. Nimeiona, iko msumarini.

Na usinirudishie ile hoja yako ya chuoni. Uliniambia sheria yenyewe inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu tangazo lilikosewa au siku hazikutimia. Ni kweli, inasema hivyo. Mimi pia nimesoma, nilikuwa na miaka ya kutosha ya kukosa usingizi. Ila wewe umekisoma kifungu kinachokuokoa ukafunga kitabu. Sheria hiyohiyo inasema pasipo hiari hakuna ndoa. Si kwamba ndoa ina kasoro, hakuna. Utakuwa umewaita watu, umesoma hotuba, umegawa shahada, na umempeleka mtoto wa mwenzako kulala na mtu ambaye si mumewe, huku mjomba amesimama mlangoni na fimbo. Wewe hafidhi wa Kurani, tafuta mwenyewe jina la jambo hilo.

Miaka mingi niliziona zile siku ishirini na moja kuwa usumbufu wa watu wa ofisini wasiojua harusi ni nini. Hata mimi niliziita siku za vifaranga baada ya Bakari. Sasa nazijua. Somoe alipata siku tano, na katika tano hizo alipata nafasi moja, nikitawadha, nikaiharibu. Angepata ishirini na moja angefika Ruangwa kwa fundi wake, angemwona mwalimu wake wa zamani, angepanda gari akaenda kwa yule ofisa niliyemcheka. Kuna siku moja miongoni mwa hizo mjomba angesinzia. Zainabu naye alikuwa na haki ya siku hizo, na wewe umezikunja ukazitia ndani ya kitabu cha hotuba. Kama bwana harusi ana haraka ya kweli, ipo njia ya kuomba kibali cha kupunguziwa siku, na wewe unaijua. Hamkuomba kwa sababu anayeomba huulizwa maswali.

Nina hasira na Mzee Ausi, lakini yeye simwandikii barua. Nina hasira na mimi, na hiyo nimeizoea. Hasira niliyonayo kwako ni mpya na inaniumiza, kwa sababu wewe nilikupeleka chuoni ili uwe imamu nisiyekuwa mimi. Mtihani wako wa kwanza umekuja, hata kanzu haijapata vumbi la Kiegei, na umechagua nyumba. Nyumba ya vyumba viwili na bati. Bora mimi niliogopa ukoo mzima. Wewe unaogopa kukosa bati.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama yako pia hajui.

Jana niliposema nakwenda Nachingwea kutazama bei ya salfa ya mikorosho, sikwenda kutazama salfa. Nilikwenda ofisi ya msajili wa ndoa wa wilaya. Nilivaa kofia yangu nzuri. Dirishani alikuwepo karani, binti mdogo tu, anaongea kama watu wa Mwanza.

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka kuweka pingamizi la ndoa."

Akatoa karatasi. Akaniuliza jina la bwana harusi, nikamtajia nililolisikia kwako. La bibi harusi, nikamtajia. Akatafuta kwenye daftari la matangazo, hakuliona, nikamwambia hawezi kuliona maana halikufika kwake, liko ndani ya kitabu cha mfungishaji.

"Wewe bibi harusi ni nani yako?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

"Sasa baba, unapingaje ndoa ya mtu usiyemjua?"

"Amenipigia simu akidhani mimi ni mtu mwingine."

Akaniangalia vizuri. Akauliza nani anafungisha. Nikasema, ni mwanangu wa kumzaa, jina lake hili, leseni yake ni mpya, hata mwezi haijamaliza. Alikaa na kalamu hewani. "Baba, una uhakika niandike?" Nikamwambia aandike. Akaniuliza nina ushahidi gani kwamba binti huyo atafungishwa bila hiari, ilhali mwanangu ni mtu wa dini na huenda atamuuliza. Hapo nikamweleza jinsi watu wa dini tunavyouliza. Nilimweleza habari ya Somoe yote, chumba, kungwi, hina, baraza, jina nililoliandika kwa mkono wangu. Nilisema huku watu walio nyuma yangu kwenye foleni wanasikia. Mzee mmoja alisema, "Astaghfirullah," na sijui alikuwa ananiombea au ananilaani.

Nikamaliza, nikatoa leseni yangu mfukoni nikaiweka mbele yake. Akaisukuma kidogo kwa kidole. "Baba, hii si ya dirisha hili. Hii mpaka msajili mwenyewe." Nikamwambia iache hapohapo, msajili akirudi ataikuta, na akitaka kuniita aniite, Nkowe ananijua kila mtu. Nimekuwa natembea na leseni ile miaka yote hii kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mwenzake.

Nilikaa benchini mpaka msajili akaja. Alinisikiliza tena kutoka mwanzo. Akagonga muhuri. Barua imekwenda kwa mtendaji wa kata ya Kiegei leo asubuhi, kwa hiyo utaikuta imekutangulia. Ndoa ya Ijumaa imesimama mpaka pingamizi lisikilizwe. Jumatatu Zainabu ataletwa ofisini na mtendaji na ofisa ustawi wa jamii, ataingia chumbani peke yake, mjomba atakaa nje, na ataulizwa. Na wewe umeitwa siku hiyohiyo uende na kitabu na lile tangazo lako. Nenda nalo. Ukilichoma moto, mimi nitasema nilivyolisikia kwako, na safari hii sitadanganya.

Mzee Ausi atakasirika. Pengine Ijumaa hiyohiyo utaambiwa ufungue nyumba utoe begi lako. Watauliza baba yako ni mtu wa namna gani, na utaona haya kunijibia. Ona tu. Nimeyafikiria hayo yote nikiwa nimeketi kwenye benchi lile, na ningeweza kuondoka kabla msajili hajaja. Sikuondoka. Zainabu aozwe kwa nguvu ili wewe upate nyumba, jambo hilo nimeona sitaliweza tena. Nimeshafanya mara moja, na matunda yake yako Masasi yanakata simu yangu.

Jumatatu Zainabu akisema anamtaka mtu yule kwa hiari yake, basi nimekuaibisha bure. Nitakuja Kiegei, nitasimama baada ya sala ya Ijumaa mbele ya watu wako nikuombe radhi, na ukitaka kunifukuza msikitini nifukuze.

Akisema hapana, kazi huna na nyumba huna. Kitanda chako kipo palepale, mama yako nimemkataza kukitoa. Rudi. Utanikuta bado nina hasira, tutakula hivyohivyo.

Baba yako,
Mohamedi